Neno "Race" na Jamaa Zake: Historia ya Msamiati wa Kale wa Mbio za Farasi Nchini Uingereza

Utangulizi

Mtafiti anayesoma nyaraka za Kiingereza za karne ya 16 na ya 17 hukutana na neno "race" katika mazingira yasiyofanana hata kidogo. Katika hati za baraza la mji laweza kumaanisha mashindano ya mbio. Katika hati za mwenye kinu cha kusagia nafaka humaanisha mfereji wa maji, na katika maelezo ya baharia, mkondo mkali wa bahari. Mfanyabiashara wa viungo akiliandika huwa anataja kipande cha mzizi wa tangawizi, na mwandishi wa nasaba huwa anataja ukoo au uzao. Tahajia ni moja, lakini maneno si moja. Mfasiri anayelipa neno hili tafsiri ileile kila mahali atakuwa amempotosha msomaji wake, na mwanahistoria anayejenga hoja juu ya tafsiri hiyo atakuwa amejenga juu ya mchanga.

Makala haya yanachunguza asili ya neno hilo pamoja na maneno mengine machache ya zamani yaliyotumika katika mbio za farasi nchini Uingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati huu haukuzaliwa uwanjani. Sehemu kubwa yake ilikuwa tayari ikitumika mtoni, sokoni, kilabuni na katika zizi la farasi kabla ya mbio kuwa mchezo wenye kanuni, na ndiyo maana hadithi zinazosimuliwa kuhusu asili ya maneno haya huwa na kasoro mara tu zinapopimwa kwa tarehe. Katika isimu historia tarehe ni shahidi mkali: neno haliwezi kuzaliwa na tukio lililotokea baada yake.

Neno lililotoka majini

"Race" lenye maana ya mbio lina asili ya Kinorsi cha Kale, lugha ya mabaharia na walowezi wa Skandinavia waliokalia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwa Kinorsi neno lilikuwa "rás", yaani mwendo wa kasi au mfululizo wa kitu kinachokimbia, hasa maji. Kiingereza cha Kale nacho kilikuwa na ndugu yake wa damu, "rǣs", lililomaanisha shambulio la ghafla au mruko wa kuvamia. Ndugu huyo hakudumu. Neno lililobaki ni la wageni, na umbo lake linaonyesha njia lililopitia. Irabu ndefu "a" ya maneno ya aina hii iligeuka kuwa "o" katika lahaja za kusini, ilhali lahaja za kaskazini ziliihifadhi. Kwa hiyo Mwingereza wa kusini husema "home" kwa maana ya nyumbani, na Mskoti akasema "hame". Kama "race" lingepitia kusini kwa njia ya kawaida, leo lingeandikwa kwa "o". Kwa hiyo ni neno la kaskazini lililoshuka kusini likiwa limekwisha kukomaa.

Maana ya mashindano ilichelewa. Katika Kiingereza cha Kati neno lilimaanisha kitendo cha kukimbia, safari ya haraka au mkondo, na ni mwanzoni mwa karne ya 16 ndipo linapoonekana likitumika kwa mashindano ya kasi. Maana ya zamani haikufutika. Mfereji unaopeleka maji kwenye gurudumu la kinu huitwa "mill-race" hadi leo, na mabaharia bado hutaja Portland Race, karibu na pwani ya Dorset, na Alderney Race, kati ya kisiwa cha Alderney na ncha ya Normandia, kuwa sehemu za kuogopwa kwa sababu ya kasi ya maji. Hakuna farasi aliyewahi kushindana hapo. Majina hayo ni mabaki ya maana ya kwanza, iliyokwamia mahali ambapo maji hayajaacha kukimbia.

Jambo lisilotazamiwa ni kwamba mbio za farasi zenyewe zilikuwapo muda mrefu bila kulitegemea neno hili. Farasi wa mashindano wa enzi ya Watudor aliitwa "running horse", yaani farasi wa kukimbia, na ndivyo Gervase Markham alivyoendelea kumwita alipoandika vitabu vyake vya ufugaji na mafunzo ya farasi katika miaka ya 1590. Mashindano yenyewe mara nyingi yaliitwa "course", neno la Kifaransa lenye mzizi wa Kilatini "currere", kukimbia. Neno "racehorse" ni la karne ya 17. Mtafiti anayetafuta historia ya mbio hizi katika hati za Watudor kwa kufuata neno "race" pekee atapata machache, kisha ataamua kimakosa kwamba mchezo wenyewe ulikuwa haba.

"Race" la pili na zizi la farasi

"Race" lenye maana ya mbari au nasaba ni neno jingine kabisa. Liliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kifaransa "race", ambalo nalo lilitoka Kiitaliano "razza". Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Wapo wanaosimulia kwamba wanadamu waligawanywa katika "race" kwa sababu walionwa kama washindani katika mbio moja ya maendeleo. Sitiari hiyo ilipendwa sana na waandishi wa karne ya 19, lakini haina msingi wowote katika historia ya neno.

Hata hivyo, farasi hawakosekani katika historia ya neno hili la pili, na hapa ndipo suala linapohitaji uangalifu zaidi. Asili ya "razza" ilibishaniwa kwa muda mrefu. Leo Spitzer, katika makala ya mwaka 1941, alilihusisha na Kilatini "ratio", neno la wanafalsafa lenye maana ya hesabu, sababu au aina. Kwa maelezo hayo, neno lililokuja kutumiwa kuwadhalilisha watu lingekuwa limeanzia katika msamiati wa heshima wa akili na mpangilio wa ulimwengu. Mwaka 1959 Gianfranco Contini alichapisha uchunguzi wa mifano ya kale zaidi ya "razza" katika Kiitaliano, akaonyesha kwamba mifano hiyo inahusu wanyama, na kwamba chanzo chake ni neno la Kifaransa cha Kale "haraz", shamba la kuzalishia farasi. Kifaransa cha leo bado hutumia "haras" kwa maana hiyohiyo. Ushahidi wa Contini ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa unaanza na matini zenyewe, si na wazo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili mjadala huu una jambo la kuvutia. Wanaisimu wa zamani waliwahi kudai kwamba "haras" limetoka katika Kiarabu "faras", neno lilelile lililotupatia "farasi". Dai hilo halikubaliwi na wengi siku hizi, kwani kubadilika kwa "f" ya Kiarabu kuwa "h" katika Kifaransa cha kaskazini hakuelezeki kwa kanuni za kawaida za sauti. Maelezo yanayopewa uzito zaidi yanalitoa katika Kinorsi "hárr", lenye maana ya mvi au rangi ya kijivu, rangi ya manyoya ya farasi. Maelezo hayo yakishikiliwa, basi maneno yote mawili ya "race", la mbio na la mbari, yana mizizi kwa watu wa kaskazini: la kwanza lilivuka bahari moja kwa moja hadi Uingereza, na la pili lilizunguka kwa njia ya Normandia, Ufaransa na Italia kabla ya kukutana na mwenzake katika tahajia moja. Hata hivyo kukutana huko ni kwa bahati, wala si udugu.

Kuanzia katika zizi la farasi kulikuwa na matokeo. Mwaka 1611 Sebastián de Covarrubias alitoa kamusi yake ya Kihispania. Katika kidahizo cha "raza" alieleza kwanza kuwa ni uzao wa farasi wa asili safi, waliopigwa chapa ya chuma cha moto ili watambulike. Kisha akaongeza kwamba neno hilo likitumika kwa koo za watu huwa na maana mbaya, kama vile kuwa na asili ya Kimoro au ya Kiyahudi. Maana hizo mbili zimekaa bega kwa bega katika kidahizo kimoja. Usafi unaosifiwa kwa farasi umegeuzwa kuwa kipimo cha kuwatia watu doa, na hapakuhitajika hatua yoyote ya kati isipokuwa kulihamisha neno kutoka zizini hadi sebuleni. Anayetaka kuandika historia ya ubaguzi wa rangi barani Ulaya hawezi kuupita ukurasa huo.

Waingereza wenyewe, ingawa walipenda nasaba za farasi kupita kiasi, hawakulipa neno hili nafasi kubwa viwanjani. Walipotaja uzao bora walisema "blood", damu, au "breed", na kitabu rasmi cha nasaba za farasi wa mbio kilichoanza kutolewa na familia ya Weatherby mwaka 1791 kiliitwa General Stud Book. Huenda sababu ni ya kawaida tu: mahali ambapo "race" lilikuwa tayari na kazi ya kutaja mashindano, kulitumia tena kwa uzao kungeleta mkanganyiko.

Kuna jamaa wengine wawili wa kutajwa kwa ufupi. "Racy" hudhaniwa kuwa linatokana na kasi ya mbio, lakini lilianza kama sifa ya divai au tunda lenye ladha inayoonyesha asili yake, na hivyo ni mtoto wa "race" la pili. "Race" la tangawizi linatoka Kifaransa cha Kale na Kilatini "radix", mzizi. Mmoja wa wahusika katika tamthilia ya Shakespeare, The Winter's Tale, anaorodhesha tangawizi kwa neno hilo miongoni mwa mahitaji ya sherehe. Mfasiri wa tamthilia hiyo akiandika mbio za tangawizi atachekwa, na atastahili.

Kengele, joto na umbali

Mji wa Chester una uwanja wa mbio unaohesabiwa kuwa wa zamani zaidi nchini Uingereza miongoni mwa vinavyotumika hadi sasa. Unaitwa Roodee, jina linaloungana na neno la Kiingereza la msalaba na lile la Kinorsi la kisiwa. Karibu na mwaka 1540 baraza la mji huo liliweka zawadi ya kengele ya fedha kwa mshindi wa mbio za farasi. Kutokana na hilo huelezwa kwamba msemo wa Kiingereza "to bear the bell", kubeba kengele, wenye maana ya kushinda, ulizaliwa Chester au katika miji iliyoiga zawadi hiyo. Maelezo yanapendeza, ila hayakubaliani na kalenda. Chaucer aliutumia msemo huo katika Troilus and Criseyde, katika karne ya 14, zaidi ya miaka 100 kabla ya kengele ya Chester. Chanzo chake kinatafutwa vyema zaidi kwa mnyama anayeongoza kundi akiwa amefungwa kengele shingoni. "Sweepstakes" nalo lina historia inayofanana: kabla ya kuwa aina ya mbio za farasi katika karne ya 18, lilimaanisha mtu anayezoa fedha zote za mchezo, na jeshi la majini la Henry VII lilikuwa na meli yenye jina hilo iliyoundwa mwaka 1497.

Maneno yaliyozaliwa uwanjani kweli ni machache, na mawili yana umuhimu wa pekee kwa msomaji wa matini za zamani. La kwanza ni "heat", joto. Katika karne ya 17 na ya 18 mbio kubwa hazikuisha kwa mchuano mmoja. Farasi walewale walikimbia mara mbili, tatu au zaidi kwa siku moja, mara nyingi maili 4 kila mara, yaani zaidi ya kilomita 6, wakipumzishwa na kusuguliwa jasho katikati. Kila mchuano uliitwa "heat". Newmarket ya enzi ya Charles II ilijulikana kwa mbio za namna hiyo, na mfalme mwenyewe alipanda farasi na kushinda huko mwaka 1671.

La pili ni "distance", umbali. Kwa msomaji wa leo hilo ni neno la kawaida lisilohitaji kamusi, na hapo ndipo penye mtego. Uwanjani lilikuwa kipimo maalumu: nguzo ilisimikwa yadi 240 kabla ya nguzo ya kumalizia, yaani karibu mita 220. Farasi ambaye hajaifikia nguzo hiyo wakati mshindi anamaliza alihesabiwa kuwa ameachwa "umbali", na hakuruhusiwa kukimbia michuano iliyofuata. Bila kujua kanuni hii, simulizi maarufu ya Epsom ya mwaka 1769 haieleweki. Inasimuliwa kwamba Dennis O'Kelly aliweka dau kwamba angetaja nafasi za farasi wote, akamtaja Eclipse kuwa wa kwanza na wengine kuwa hawapo popote. Wengi huichukua kuwa majigambo tu. Ilikuwa kauli ya kiufundi: farasi asiyeifikia nguzo hakupewa nafasi yoyote katika hesabu ya waamuzi, na O'Kelly alikuwa akidai kwamba wote wangeachwa nyuma yake.

Lugha ya sokoni: "jockey" na "handicap"

"Jockey" ni jina la mtu lililofanywa dogo. "Jock" ni namna ya Waskoti na watu wa kaskazini ya kumwita John, na "jockey" ni kijana wa kawaida asiye na cheo. Katika karne ya 17 lilimtaja dalali wa farasi kabla ya kuwa jina la kudumu la mpanda farasi wa mbio, na kwa kuwa madalali hao hawakusifika kwa ukweli, kitenzi chake kikaja kumaanisha kulaghai. Klabu ya mabwana iliyojiita Jockey Club ilianzishwa karibu na mwaka 1750, na waliounda klabu hiyo walikuwa wamiliki wenye vyeo na mashamba, si wapandaji. Kwa hiyo jina la mlaghai wa sokoni likawa pambo la makabaila bila wao kuona aibu.

"Handicap" ndilo neno lenye mengi zaidi ya kueleza, na ndilo lililodhulumiwa zaidi na masimulizi ya mitaani. Lilianza kama mchezo wa kubadilishana mali. Watu wawili wanaotaka kubadilishana vitu humchagua wa tatu awe mwamuzi, naye hukadiria ni kiasi gani cha fedha kiongezwe juu ya kitu chenye thamani ndogo ili mizani ilingane. Wote watatu huweka fedha kidogo ndani ya kofia. Kisha wale wawili hutumbukiza mikono yao katika kofia na kuitoa kwa wakati mmoja. Mkono wenye sarafu ni ishara ya kukubali, mkono mtupu ni ishara ya kukataa. Wakikubali wote au wakikataa wote, mwamuzi huchukua fedha za kofia. Wakitofautiana, aliyekubali ndiye huzichukua. Jina ni ufupisho wa Kiingereza wa "mkono ndani ya kofia", na uzuri wa mchezo ni kwamba unampa mwamuzi faida ya kukadiria kwa haki.

Mchezo una umri kuliko jina lake. Katika shairi la Piers Plowman la karne ya 14, linalohusishwa na William Langland, walevi kilabuni wanabadilishana joho na kofia kwa utaratibu wa namna hii, na mmoja wa wabadilishanaji ni mtunza farasi wa nyumba ya wageni. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake mnamo Septemba 1660 kwamba alikuwa ameuona mchezo uitwao "handicap", ambao hakuwahi kuujua kabla. Katikati ya karne ya 18 utaratibu ukahamishiwa kwa farasi: mwamuzi sasa alikadiria uzito wa kubebeshwa kila farasi ili uwezo wao ulingane. Mwaka 1791 mbio za Oatlands huko Ascot, zilizoendeshwa kwa utaratibu huo, zilishindwa na Baronet, farasi wa Mwanamfalme wa Wales, na zilivuta dau kubwa.

Inafaa kusisitiza nani alibebeshwa mzigo. Uzito mkubwa aliwekewa farasi hodari, na dhaifu alipewa nafuu. Neno lilipotoka uwanjani lilichukua tu maana ya kikwazo, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaanza kutumika kwa watu wenye ulemavu. Hapo ndipo hadithi ya uongo ilipopata nguvu: kwamba "handicap" lilitokana na walemavu waliosimama barabarani mkono mmoja ukiwa na kofia, wakiomba sadaka, wengine hata humtaja mfalme aliyewaruhusu askari waliojeruhiwa waombe. Hakuna hati ya zamani inayounga mkono simulizi hiyo, nayo inageuza kofia ya wachezaji kuwa ya ombaomba. Watu wenye ulemavu wana haki ya kulikataa neno hilo, na sababu nzuri zipo: linamfanya mtu kuwa jina la kikwazo chake. Ila kulikataa kwa sababu ya kofia ya kuombea ni kuwapachika watu historia ya ombaomba ambayo neno halikuwa nayo, na hivyo kuongeza dhuluma badala ya kuipunguza.

Kati ya maneno yote haya, lililosafiri mbali zaidi ni "derby". Mbio za Derby zilianza Epsom mwaka 1780, zikapewa cheo cha mmoja wa waanzilishi wake, Bwana wa Derby, na farasi wa kwanza kushinda akawa Diomed wa Sir Charles Bunbury. Mji wa Derby ulipewa jina na Waskandinavia walewale walioleta "rás". Kiambishi "by" ni neno lao la kijiji, na sehemu ya kwanza ya jina inataja paa au wanyama wa porini. Baadaye Kiingereza kikalitumia neno kwa mpambano wa timu mbili za mji mmoja, na kwa njia ya soka likaingia Kiswahili. Shabiki wa Simba au wa Yanga anayeingojea Dabi ya Kariakoo hutamka, bila farasi hata mmoja kuwapo, jina la kijiji cha Wadenmaki.